Marahaba ya Bwana Mifugo

Habari hii watu wengi wa Babati wanaijua nusunusu, na kila mmoja anaisimulia nusu yake kama ndiyo yote. Mimi nina nusu ya sauti. Siku ile nilikuwa nimevaa hedifoni, na nilichosikia hakuna mwingine aliyekisikia vizuri kama mimi.

Tulimwita Bwana Mifugo kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumwondolea jina wala mabuti. Yalikuwa mabuti ya mpira, meupe siku yalipotoka dukani na hayakuwa meupe tena baada ya hapo. Aliyavaa masika na kiangazi. Siku za Jumapili aliyavua kwa heshima ya ibada, lakini nina ushahidi kwamba mara mbili yalimsubiri chini ya benchi la kanisa. Mfukoni alibeba chaki ya buluu, ile ya kuwawekea alama ng'ombe waliokwisha kuchanjwa. Alipoanza kutengeneza filamu aliona vifaa anavyo tayari. Kwa chaki ile ile aliweka alama chini, mahali pa kusimama waigizaji, na siku moja kwa mazoea akampiga mstari mgongoni dada mmoja aliyekuwa amemaliza sehemu yake. Dada wa watu akaenda nao mpaka sokoni, akashangaa kwa nini wachuuzi wanamwambia hongera kwa kuchanjwa.

Sijui nani alimfundisha filamu. Yeye alisema alijifunzia kwenye josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. "Wanaosubiri ni wengi, anayepita ni mmoja, na wewe unamtazama huyo huyo mmoja mpaka atoke upande wa pili. Kamera ni hivyo hivyo, Mama Glory." Kwa hiyo alipotaka tuanze kurekodi hakusema maneno wanayosema waongozaji wengine. Alisema, "Fungulia!" kama mtu anayefungua lango la zizi. Akitaka tuache, "Funga!" Kwa mwigizaji mwenye wasiwasi alikuwa na dawa moja: alimpigapiga begani na kumwambia, "Tulia, haitauma."

Mimi aliniokota dukani kwangu, Bagara, ambako narekodi kwaya na kuchaji simu za watu. Alikuja kununua flashi, akaona maiki mezani.

"Mama Glory, hiyo inashika sauti?"

"Inashika kwaya, Bwana Mifugo."

"Ikishika kwaya yenu ile, haitashindwa kitu."

Sikuelewa kama nimesifiwa au nimetukanwa, lakini wiki iliyofuata nilikuwa nimesimama shambani nimeshika mti wa ufagio wa kuondolea buibui, maiki imefungwa kwenye ncha yake, na juu ya maiki soksi ya shule ya Glory ya kuzuia upepo. Glory aliitafuta soksi ile wiki mbili. Kamera ilikuwa ya mpiga picha wa harusi, mtu mzima mwenye subira, aliyezoea bibi harusi wanaochelewa. Malipo yetu yalikuwa makande, na makande yenyewe yalikuwa mazuri.

Alikuwa na kidole. Kila tukio likiharibika aliinua kidole cha shahada, kimoja, kinyenyekevu kabisa, akasema, "Moja ya mwisho." Zamani kidogo, tulipokuwa tunarekodi mtu anakunywa chai, hiyo moja ya mwisho ilifika ya kumi na nne, mpaka mnywaji akaomba ruhusa akakimbilia nyuma ya nyumba. Tangu hapo akiinua kidole, sisi wote tulijibu kwa pamoja, "Hiyo ya kumi na nne, Bwana Mifugo," hata kama ilikuwa ya pili. Alicheka kila mara, na kila mara akairudia.

Alikuwa mkali juu ya uongo. Hakuruhusu mwigizaji apake kitunguu machoni. "Mtu alie kwa sababu yake mwenyewe, au asilie." Lakini huyo huyo akienda kuomba kurekodi uani kwa mtu alisema ni dakika kumi tu, na tukala chakula cha mchana na cha jioni pale. Tamthilia za kigeni aliziita takataka, watu wanalia tangu mwanzo hadi mwisho bila ng'ombe hata mmoja kuonekana, ila sikumbuki hata siku moja alipopanga mazoezi saa ya tamthilia.

Na juu ya yote hayo palikuwa na kimya. Alikipenda kimya kwenye filamu kuliko maneno. Kelele kidogo tu, hata ya mtu kukohoa, ilimpandisha shinikizo la damu. Tatizo ni kwamba mtu huyu huyu mpenda kimya alikuwa amechanja ng'ombe wa kila nyumba kuanzia mjini mpaka Sigino, na hapakuwa na mtu aliyepita bila kumwamkia, na hapakuwa na salamu aliyoiacha ianguke chini. Mtoto akisema shikamoo, aliitikia. Mlevi akisema shikamoo, aliitikia na kumuuliza hali ya mama yake. Niliwahi kumwona akiitikia akiwa ndani ya bajaji inayokimbia, kichwa kiko nje, akimalizia "...rahaba" tukiwa tumeshampita mtu mbali.

Sasa, lazima niseme jambo lililomuuma. Bwana Mifugo alikuwa ameanza filamu tatu na hakumaliza hata moja. Ya kwanza, mwigizaji mkuu alipata kazi ya machimbo Mererani akaondoka katikati ya ugomvi, na mpaka leo yule aliyekuwa anagombana naye hajajibiwa. Ya pili, memori kadi ilifuliwa pamoja na suruali. Ya tatu ndiyo iliyotuchekesha: mwigizaji mkuu alikuwa mjamzito na hakutuambia. Hadithi ilikuwa ya siku moja tu, tangu asubuhi hadi jioni, lakini sisi tulirekodi kwa miezi minne, na tumbo halikusubiri. Ukiitazama kwa mpangilio, mama wa watu anaamka mwembamba na kufika saa kumi akiwa anatafuta mkunga.

Nyuma ya mlango wa chumba chake alikuwa na ubao ulioandikwa MWISHO kwa chaki ya buluu, wa kuuonyesha filamu itakapokamilika. Chaki hufutika, naye aliuandika upya kila mwaka. Sokoni watu walimtania: "Bwana Mifugo, muvi inatoka lini?" "Iko jikoni." "Nyama gani hiyo haiivi?" Wengine walisema ng'ombe wa maskini hazai. Alicheka nao. Lakini siku moja dukani kwangu, mvua ikinyesha na hakuna mteja, aliniambia, "Mama Glory, nimechanja ng'ombe maisha yangu yote. Wote wale wameshaliwa. Nataka kitu kimoja kibaki." Nikamkaribisha chai.

Filamu ya nne ilikuwa inahusu baba mmoja mjane anayemuuza maksai wake wa kulimia, kiumbe pekee kilichobaki nyumbani kwake. Baba alikuwa fundi baiskeli wa sokoni, mtu wa maneno machache, na maksai alikuwa Madoa, mali ya Baba Tluway wa Sigino. Tukabakiza tukio moja tu, la mwisho: baba anamkabidhi mnunuzi kamba, anaipa kamera mgongo, anapanda njia mpaka kwenye ua wa mkonge bila kusema neno. Basi. Kwa picha moja, bila kukata.

Baba Tluway alikuwa ametuambia mapema kwamba Madoa atapelekwa mnadani, na siku akaitaja. Mtu mwingine angerekodi wiki ile ile. Bwana Mifugo alisema mwanga haujakaa vizuri. Kisha mvua ikanyesha. Kisha pakawa na msiba, naye ndiye aliyechanja ng'ombe wa marehemu, hangeweza kukosa. Ndipo tukajikuta tumefika Sigino asubuhi ya siku moja kabla ya mnada, watu watano na sufuria ya makande ndani ya bajaji moja, tukijua kwamba kesho hatuna maksai, na bila maksai hatuna filamu ya nne.

Mahali alipopachagua palikuwa pazuri, siwezi kumnyima hilo. Shamba lililokwisha kuvunwa, njia nyembamba inapanda, na nyuma mlima Kwaraa umejaa picha nzima. Tatizo ni ile njia. Ndiyo iliyokwenda zahanati, ndiyo iliyokwenda mashine ya kusaga, ndiyo waliyopita wanafunzi. Tulimsihi twende upande wa pili wa kilima.

"Kule hakuna njia," alisema. "Anayeuza ng'ombe hupita njiani, watu wamwone. Hiyo ndiyo aibu yenyewe."

Mnunuzi alikuwa aigizwe na mpishi wetu wa makande, akavaa koti na kofia, akapendeza. Madoa akamnusa, akakataa kunyanyua hata kwato. Alikubali kumfuata mtu mmoja tu duniani. Kwa hiyo Baba Tluway akavalishwa koti, akawa mnunuzi wa ng'ombe wake mwenyewe.

"Fungulia!"

Fundi hata hajainua kamba, akatokea mama na beseni la mahindi kichwani.

"Shikamoo Bwana Mifugo!"

"Marahaba mwanangu, hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Yule ndama alipona."

"Alipona! Si nilikuambia?" Halafu akageuka, macho yamemtoka. "Nani anaongea? Nimesema nataka kimya!"

Mpiga picha akakohoa. "Ni wewe, Bwana Mifugo."

Kidole kikapanda. "Moja ya mwisho."

"Hiyo ya kumi na nne, Bwana Mifugo."

Ya pili akapita bibi mzee kuliko yeye, anaelekea zahanati na fimbo yake. Hapo Bwana Mifugo hakungoja hata kuamkiwa. Alivua kofia, akaiacha kamera inazunguka, akamfuata. "Shikamoo mama." Bibi akamwitikia, akasimama kutazama.

"Huyu fundi baiskeli amefiwa?"

"Hapana mama. Anauza maksai."

"Anamuuzia nani, Tluway? Si ng'ombe wake Tluway mwenyewe?"

Tukamweleza kwamba ni maigizo. Bibi akatikisa kichwa, akasema watu wazima wenye afya, shamba halijasafishwa, na wao wamesimama wanadanganyana mchana. Akaenda zake. Baba Tluway, ambaye shamba lilikuwa lake, hakucheka sana.

Ya tatu ikaharibiwa na kijana wa bodaboda. "Mambo vipi Bwana Mifugo! Hiyo ndo muvi? Niwekeni na mimi basi!"

"Marahaba," akaitikia Bwana Mifugo, ingawa hakuwa ameamkiwa. Kijana akaona aibu, akazima pikipiki, akashuka, akasema shikamoo, na akaitikiwa mara ya pili. Kwa adhabu akapewa kazi ya kuzuia watu upande wa juu wa njia. Mpishi akazuia upande wa chini.

Ilionekana ni akili nzuri. Lakini watu wakizuiwa hawaishi, wanajaa tu. Baada ya jaribio moja lililoharibiwa na Madoa mwenyewe, lango likafunguliwa, na kundi lote likapita mbele yetu kwa mstari mmoja, kila mtu na shikamoo yake, kila mtu na jibu lake, na wa ng'ombe akaulizwa habari za ng'ombe, na wa kuku akaambiwa ajaribu mwarobaini. Nilikuwa na hedifoni. Nilisikia marahaba mpaka nikaanza kuzihesabu, nikachoka. Walipokwisha kupita, Madoa alikuwa amelala chini.

Ndipo Bwana Mifugo akaamua kujifunga mdomo. Si kwa mfano, alijifunga kweli, kwa kitambaa chake cha shingoni, fundo kisogoni. Akasimama pale na mabuti yake, macho tu yanazungumza. Mfugaji mmoja kutoka tambarare za Hanang, amejitanda shuka, fimbo begani, aliyekuwa ameshapitishwa na kijana wa bodaboda kwa kuogopa kumzuia, akasimama kando yangu. Akamtazama mzee aliyefungwa mdomo, akatutazama sisi tuliomzunguka. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Amefanya nini?"

"Anaongea sana," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeona hukumu ni ya haki, akaendelea na safari.

Kitambaa kilifanya kazi, ila kilileta balaa lake. Mtu aliyefungwa mdomo hawezi kusema fungulia. Alipunga mkono, mpiga picha akadhani anafukuza nzi, na majaribio mawili yakapotea hivyo: mara kamera haijawashwa, mara imewashwa na fundi hajui. Jua likawa linashuka. Kwaraa ilikuwa imeanza kuwa nyekundu upande wetu, mwanga ule alioungoja miezi, na kila mmoja wetu aliona kwamba utakaa kidogo tu. Hapakuwa na utani tena. Fundi baiskeli, ambaye mchana kutwa alikuwa akimlisha Madoa mabua kutoka mkononi mwake, sasa alikuwa ameweka kiganja shingoni mwa maksai, hakiondoi. Baba Tluway alishika kamba na kuiachia, anaishika na kuiachia. Kesho yake alikuwa anakwenda kuifanya kweli kazi ile tuliyoiigiza.

Bwana Mifugo akateremsha kitambaa mpaka shingoni, ili asikike. "Fungulia," akasema, polepole. Na hakukipandisha tena. Sijui alisahau au aliogopa kugusa chochote.

Fundi akampa Baba Tluway kamba. Baba Tluway akavuta. Madoa akaenda hatua tatu, akasimama, akageuza kichwa kumtazama fundi, jambo ambalo hakuna mwongozaji duniani angemfundisha. Fundi akamtazama. Kisha akatugeuzia mgongo, akaanza kupanda njia. Kwenye hedifoni nilisikia miguu yake kwenye vumbi, mabua yakijisugua na, mbali sana, njiwa. Nimerekodi kwaya miaka mingi, sijawahi kusikia kimya kizuri kama kile. Zilibaki hatua kama kumi afike kwenye ua.

"Shikamoo."

Alikuwa binti wa shule, nyuma yetu, mkoba mgongoni. Alipenya shambani, si njiani, ndiyo maana hakuzuiwa. Hakupiga kelele. Alisema kama watoto wetu wanavyosema wakipita kwa wakubwa, kwa sauti ndogo, huku anatazama chini. Nilimwona Bwana Mifugo akifumba macho. Akauma mdomo. Fundi akapiga hatua nyingine, na nyingine. Yule binti akapunguza mwendo, akamwangalia mzee, kwa sababu kwetu mtoto asiyeitikiwa hujiuliza amekosa nini.

"Marahaba," akasema Bwana Mifugo. Si kwa kunong'ona. Aliitoa kifuani, nzima, kama alivyowaitikia watu wote siku zote. Binti akaenda zake.

"Funga," akasema, lakini kwa kuchelewa.

Mpiga picha wa harusi, mtu wa subira, alitupa kofia yake chini. "Bwana Mifugo! Zilikuwa zimebaki hatua kumi tu!"

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Filamu mtu ataitazama mara moja. Yule mtoto nitakutana naye kesho." Akakaa juu ya ndoo. "Hiyo imekufa. Kaleni makande."

Tulimtazama mkono. Mwanga ulikuwa umeondoka, lakini tulimtazama tu. Ilikuwa siku ya kwanza tangu nimjue ambayo hakuinua kidole.

Madoa akaenda mnadani. Bwana Mifugo akakataa kabisa kuiona picha ile. Nilimwambia aitazame japo mara moja, akasema maiti haitazamwi mara mbili. Akaacha kupita sokoni saa za watu, maana swali la muvi inatoka lini lilikuwa limeanza kumuuma kweli, nasi tuliomzoea tukaona aibu kwa niaba ya utani wote tuliowahi kumtania. Nilimkumbuka kuliko nilivyotegemea. Halafu tukasikia amepata kiharusi. Mkono wa kulia haukufanya kazi, na maneno yaliondoka. Daktari alisema yanaweza kurudi na yanaweza yasirudi.

Pasaka ilipokaribia nilikuwa nafuta mafaili kwenye kompyuta ili kwaya zipate nafasi, nikalikuta tukio lile. Nilitaka kulifuta. Nikasema nilisikilize kwanza, mara moja ya mwisho, na kwa kuwa nilikuwa peke yangu nikatazama na picha pia. Nilikuwa sijawahi kuviona pamoja; siku ile, salamu ilipokuja, mimi nilikuwa namtazama Bwana Mifugo.

Fundi anapanda njia, mgongo wake kwetu. Sauti ya mtoto inasema shikamoo, na mtoto mwenyewe haonekani. Fundi anainua kichwa kidogo. Baadaye aliniambia alitaka kuitikia yeye, akajiuma ulimi. Kisha inakuja marahaba. Uso wa fundi hauonekani, na sauti ile inaonekana imetoka kwake. Mtu ametoka kukabidhi kiumbe cha mwisho nyumbani kwake, hana kitu mkononi, na bado anaitikia salamu ya mtoto. Halafu anamalizia hatua zake kumi, maana fundi, Mungu ambariki, hakusimama mpaka aliposikia funga, na funga ilichelewa.

Nilikaa chini juu ya katoni la chaja. Nikampigia mpiga picha. Alikuja, akatazama mara mbili, akasema, "Huyu mzee." Tukaimalizia filamu wenyewe. Mke wa Bwana Mifugo, Mama Paulina, alituazima ubao wa nyuma ya mlango.

Tulikwenda kwake Jumamosi mchana. Mabuti yalikuwa mlangoni, yameoshwa, na kuoshwa kwake kukanitia huzuni. Alikuwa amekaa kwenye kochi, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Nikasema bila kufikiri, "Shikamoo Bwana Mifugo."

Akanitazama. Midomo ikajaribu. Ikajaribu tena. Hakuna kilichotoka, na machoni niliona anajua kwamba hakuna kilichotoka. Miaka yote ile, hiyo ndiyo shikamoo yangu ya kwanza kuanguka chini. Nikaanza kusema mambo ya mvua, haraka haraka, kama mjinga. Mama Paulina akaondoa kitambaa cha kudarizi juu ya televisheni.

Alitazama filamu yake kama mkaguzi. Alitikisa kichwa pale fundi alipozidisha. Alipiga paja kwa mkono wa kushoto mpiga picha alipokata mapema. Nikasema moyoni, mtu huyu hajabadilika hata kidogo, bahati yetu hawezi kutugombeza. Lakini Kwaraa ilipotokea na njia ile, akajua tulipofika. Akainamisha kichwa, akafunika macho kwa kiganja.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Mama Paulina alikuwa anamimina chai. Aliacha chupa hewani, chai ikaendelea kumwagika kwenye sinia.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Shikamoo. Marahaba. Nzima, ya kifuani.

"Rudisha tena, Mama Glory." Aliweka chupa chini, akakaa karibu na mumewe. "Miezi minane sijaisikia."

Nikarudisha. Safari hii Bwana Mifugo aliondoa kiganja, akatazama. Alimwona fundi akiinua kichwa, akasikia sauti yake ikitoka kwenye mgongo wa mtu mwingine, akamtazama mke wake anayelia, akatutazama sisi. Niliona alivyoelewa, polepole. Nikaiacha iende mpaka fundi akafika kwenye ua, na ukatokea ubao, MWISHO, chaki ya buluu, mwandiko wake mwenyewe.

Tukakaa kimya wote, kimya kile alichokuwa akikitaka siku zote. Kisha mkono wa kushoto ukaanza kupanda kutoka gotini, kidogo kidogo, ukafika usawa wa kidevu. Kidole kimoja.

"Hiyo ya kumi na nne, Bwana Mifugo," tukasema wote kwa pamoja, na Mama Paulina naye.

Mabega yake yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na machozi yakamtoka kwa sababu zake mwenyewe. Kidole hakikushuka. Nikashika rimoti, nikairudisha.